Mikataba ya Kariakoo Inayosainiwa Sebuleni

Kila inapozuka habari ya kuiendeleza upya Kariakoo, eneo la soko kuu na maduka jijini Dar es Salaam, mazungumzo huelekea moja kwa moja kwenye majengo: yawe marefu kiasi gani, magari yaegeshwe wapi, wamachinga wapangwe mtaa upi. Nimezaliwa na kukulia karibu na Mtaa wa Sikukuu, baadhi ya ndugu zangu wako huko mpaka leo, na nimewasikiliza sana watu wa mitaa ile wakieleza wanachokitaka. Ninachokiona ni kwamba maoni yao hutolewa mahali ambapo hayana nguvu. Kwenye mkutano wa mtaa wanaulizwa juu ya ramani, lakini Kariakoo haijengwi upya kwa ramani. Inajengwa kiwanja kimoja kimoja, kwa mikataba baina ya warithi na wawekezaji, ambayo mara nyingi husainiwa sebuleni, na mwanasheria aliyepo ni yule aliyeletwa na mwekezaji.

Ili mtu aelewe jambo hili, hana budi kuijua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu siku za mwisho za utawala wa Wajerumani, vikawa vidogo na vyenye kubanana. Juu ya kila kimoja ikasimama nyumba yenye baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na bomba. Mwenye nyumba alilala chumba cha mbele na vilivyobaki akavipangisha, kwa hiyo paa moja liliweza kuhifadhi familia tano au sita. Mwenye nyumba alipofariki, nyumba haikugawanywa. Ilibaki kwa jina lake, watoto wakagawana kodi, na baada yao wajukuu. Leo hii kiwanja kimoja kinaweza kuwa na warithi wengi kuliko vyumba, wengine wakiwa Tanga, wengine Muscat, na wanaokaa pale ni shangazi mmoja na wapangaji wake.

Mwekezaji anapobisha hodi, anakutana na familia ya namna hiyo. Makubaliano ya kawaida ni kwamba familia inatoa ardhi, yeye anatoa fedha ya ujenzi, kisha jengo linagawanywa. Yeye huchukua fremu za maduka za chini, ama moja kwa moja ama kwa miaka iliyotajwa kwenye mkataba, na huko ndiko iliko kodi kubwa na ndiko kunakolipwa kilemba, yaani fedha ya kupatiwa fremu nje ya kodi. Familia hupewa ghorofa za juu. Nimeonyeshwa na jirani nakala ya mkataba wa aina hiyo, kurasa chache zilizopigwa chapa kwa Kiingereza, ambamo warithi waliahidiwa ghorofa ya sita na ya saba. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu lifti. Hapakuwa na tarehe ya kukabidhiwa, wala kifungu kinachoeleza nani atawalipia warithi pango wakati wa ujenzi. Bi mkubwa aliyetakiwa kuweka dole gumba kwenye karatasi ile anaumwa magoti, na kupanda vidaraja viwili vya baraza lake mwenyewe humchukua muda.

Wenye nyumba niliozungumza nao hawapingi ujenzi. Hilo ningependa lieleweke vizuri, kwa sababu hupenda kusemwa kwamba wazee wa Kariakoo wanang'ang'ania mabanda. Kuta zimechoka, mabati yanavuja, kodi ya vyumba haitoshi hata kukarabati choo, na wengi wanajua kuwa ardhi waliyoikalia ni miongoni mwa ardhi ghali zaidi nchini. Wanachotaka ni kurudi: kurudi kwenye kiwanja kilekile, katika sehemu ya jengo inayokalika, wakiwa na hati mkononi. Wengine wanaongeza kwamba wangependa kubakiziwa angalau fremu moja ya chini, ili mtoto asiye na kazi apate mahali pa kuanzia.

Wapangaji wana lao, na ndio wasiosikilizwa kabisa. Mama anayekaanga maandazi alfajiri kwenye baraza la nyumba aliyopanga hana hisa katika mkataba wowote. Notisi ya kuhama humfikia kwa mdomo, na kodi yake ikirudishwa hurudishwa pungufu. Atahamia Mbagala au Chanika, na kila alfajiri atapanda daladala kuwafuata wateja walewale. Sielewi kwa nini katika mjadala wa kuendeleza mtaa, watu wanaolala humo kwa wingi zaidi huhesabiwa kama mizigo ya kuondolewa kabla kazi haijaanza. Wafanyabiashara, kwa upande wao, wana viongozi na wana sauti. Serikali huwasikia wakifunga maduka, kama ilivyokuwa Juni 2024, kwa hiyo sitawasemea hapa.

Lipo jambo moja ambalo mwenye nyumba, mpangaji na mwenye duka husema kwa pamoja, nalo ni majitaka. Mfumo ulioyapokea maji ya nyumba ya vyumba sita unapokea sasa maji ya jengo la ghorofa kumi, na mvua ikinyesha chemba hufumuka mpaka maji yakaingia madukani. Inaniuma nikikumbuka kwamba soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilipewa paa la miavuli ya zege iliyokusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye hifadhi chini ya jengo. Mtu aliketi akafikiria maji yaende wapi kabla hajainua nguzo. Soko lile liliungua Julai 2021, likajengwa upya kwa fedha nyingi za umma. Mitaa inayolizunguka imeachiwa kila mwenye kiwanja afikirie chemba yake.

Halafu kuna hofu, ambayo tangu tarehe 16 Novemba 2024 haijaondoka. Jengo moja la Kariakoo liliporomoka siku ile asubuhi, watu wakiwa dukani, na waliopoteza maisha walizidi 20. Kwa siku kadhaa waokoaji walikuwa wakiwasiliana na walionaswa chini ya kifusi. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Baada ya ajali ya Kariakoo serikali iliunda tume na kuagiza majengo yakaguliwe, na hilo lilikuwa jambo la lazima. Lakini mkaguzi huona nguzo, haoni mkataba. Mkataba unaompa mwekezaji haki ya fremu kwa miaka michache tu ndio unaomfanya aongeze ghorofa, achimbe chini apate stoo, na aharakishe kila kitu ili fedha yake irudi kabla muda haujaisha. Wakazi wanaliona hilo kila siku, kwa kuwa ghorofa walizoambiwa ni za makazi zimegeuka stoo za mabelo na makatoni, na uzito wake uko juu ya vichwa vyao.

Wengi hutoa mfano wa Magomeni Kota, makazi ya umma katika jiji hilihili. Kaya 644 ziliondolewa pale, zikahangaika kwa miaka, na hatimaye zikarudi kwenye majengo mapya yaliyozinduliwa Machi 2022. Wanaoutaja mfano huo hawausifu kwa muda uliotumika, kwa maana wapo waliofariki wakisubiri. Wanausifu kwa sababu idadi ya kaya ilijulikana, majina yalikuwepo, na ahadi ilitolewa hadharani, hivyo ikawa vigumu kuikana. Najua Magomeni ardhi ilikuwa ya umma na Kariakoo ni ya watu binafsi, na serikali haiwezi kumjengea kila mrithi. Orodha, hata hivyo, inaweza kuiandika.

Sheria zipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe katika kuandaa mipango, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila mwenye sehemu ya ghorofa apate hati yake na awe mwanachama wa chama kinachosimamia lifti, ngazi, paa na chemba. Ninachopendekeza ni kuyaunganisha hayo na kibali cha ujenzi. Kabla halmashauri haijatoa kibali kwenye kiwanja cha mirathi, mkataba uletwe, uwe kwa Kiswahili, uonyeshe kila mrithi anapata sehemu ipi na lini, nani anawalipia pango wakati wa ujenzi, na wapangaji waliomo wanapewa notisi ya muda gani na fidia gani. Msimamizi wa mirathi na warithi wapatiwe mwanasheria asiyelipwa na mwekezaji. Sehemu isajiliwe kwa jina la mwenyewe siku jengo linapokabidhiwa, kabla fremu ya kwanza haijapangishwa.

Familia ya yule bi mkubwa haijasaini bado. Nimewaomba waongeze vifungu viwili tu kwa sasa, cha lifti na cha tarehe, na wasikubali kuanza kubomoa mpaka vyote viwili viandikwe.