Risasi thelathini na tepu ya mama

Risasi 30 nilizimaliza zote, na yule mtu hakupata hata mkwaruzo. Alikuwa amenipa kisogo, kasimama karibu na milango ya katikati, umbali wa kama kutoka barazani kwetu hadi kwa muuza mbaazi ng'ambo ya njia. Nilibana kitufe cha mausi nikakishikilia. AK-47 ikanguruma, ukuta wa nyuma yake ukatoboka kuanzia usawa wa magoti mpaka juu ya milango, halafu nikasikia ule mlio mkavu wa bunduki isiyo na kitu. Akageuka polepole, kama mzee aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Akapiga moja. Skrini yangu ikalala ubavu.

Saiba nzima ikaangua kicheko.

Ilikuwa Ramadhani ya 2019, mwezi wa Mei, masika yamekolea. Saiba yenyewe ni chumba cha chini cha nyumba ya ghorofa kule Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa: kompyuta 10, feni mbili, moja yazunguka inapojisikia. Mchana mwenyewe alichapa barua na kuwajazia watu fomu za kodi za KRA. Usiku, watu wakishatoka taraweh, alirudisha mlango nusu, akaziunga mashine zote kwenye swichi moja, tukacheza Counter-Strike, mchezo wa kupigana risasi, watano kwa watano mpaka daku ikikaribia. Waliofungwa walinunua viazi karai.

Mimi nilikuwa mgeni wa mchezo huo. Counter-Strike: Global Offensive ilifanywa ya bure Desemba 2018, na hapo ndipo nilipoipakua kwenye laptopu ya kazini. (Nilikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwajiri wangu wa wakati ule kama anasoma haya, anisamehe.) Miezi mitano nilicheza nyumbani peke yangu, na kila nilipouawa nililaumu mtandao. Lawama hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, maana seva za karibu nasi, yaani kompyuta zinazouendesha mchezo, zilikuwa Dubai na Johannesburg. Ila hata hapo nilikuwa na haya kidogo. Kebo ya mtandao ya TEAMS, ipitayo chini ya bahari kutoka Fujairah, imefika pwani yetu hapahapa tangu 2009. Mtu wa Mombasa akililia mtandao, wa Kampala aseme nini?

Ndani ya saiba sasa hakukuwa na bahari ya kuvuka. Kutoka mashine yangu hadi ya aliyeniua ni waya wa mita chache na kijisanduku kimoja chenye taa za kijani. Kisingizio kikafia papo hapo. Wala singeweza kulaumu vifaa, kwa sababu nilikuja na mausi yangu mwenyewe, niliyoinunua shilingi 1,800, inawaka rangi saba kama matatu ya Bamburi.

Tulifungwa raundi 16 kwa 4. Kwenye ubao jina langu lilikuwa la mwisho kabisa: nimeua 3, nimekufa 19.

Aliyeniua ni mpwa wa mwenye saiba, kijana wa darasa la nane, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Nilipokuwa nakusanya waya zangu nijiondokee, alikuja na kipande cha muhogo wa kukaanga mkononi, akasimama pembeni.

"Kaka, nikwambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Wewe watizama chini."

Nilidhani ananisifu. Bibi yangu alitulea hivyo: ukipita njiani teremsha macho, usiwakodolee watu majumbani mwao. Kumbe hakuwa na habari ya malezi. Alinirudisha kitini, akafungua ramani ile ile tuliyochezea, Dust II, ikiwa tupu, hamna mtu, akaniambia nitembee tu nisipige. Nikatembea. Yeye akaweka kidole chenye chumvi na pilipili juu ya skrini, pale penye kialama cha shabaha, akawa anakifuata kinakokwenda. Kidole kilipita kwenye mchanga, kikafagia vizingiti, kikapanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwendo mzima wa kutoka tulikoanzia hadi milangoni, kidole hakikupanda juu ya kiuno cha mtu hata mara moja.

"Waona? Watembea kama mtu aogopaye kukanyaga mavi ya paka."

Wakacheka tena. Anayeujua Mji wa Kale na paka wake ataelewa kwamba kutembea hivyo ni busara. Lakini kwenye ule mchezo hamna paka.

Kisha akanieleza, bila haraka, akitafuna. Watu wa mle ndani wote kimo kimoja, hakuna mrefu wala kibeti. Basi kwa nini usubiri mtu atokee ndipo uanze kukitafuta kichwa chake? Kiweke kialama usawa wa kichwa tangu unapoanza kutembea, ukipakanishe na ukingo wa kona, ukitumie ule mstari wa rangi ukutani au pindo la mlango kama kipimo. Akitokea, mkono una kazi ya upana wa ukucha. Mimi nilikuwa nikitokewa na mtu, nakinyanyua kialama kutoka sakafuni, nampita, narudi, nampita tena, na kufikia hapo mwenzangu ameshanizika.

"Tena wapiga huku wakimbia," akasema.

Hilo pia sikulijua. Mtu akifyatua huku anakimbia, risasi za bunduki kubwa huenda zitakako. Akanionyesha: ukienda kushoto kwa kitufe cha A, gusa D, cha kulia, mara moja, mwili unakwama papo hapo, hapo ndipo ubonyeze. Nilijaribu kama mara ishirini. Vidole vyangu vya kushoto vilikuwa kama vya mtu mwingine.

"Na ukipiga, mbili, tatu, uachie. Ukishikilia yapanda juu, halafu yaanza kuyumba. AK ikimpata mtu kichwani, hata awe na kofia ya chuma, ni moja tu. Zile 29 wamnunulia nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeamini kwamba tatizo langu ni mkono mzito, kwamba hawa watoto wana wepesi wa vidole ambao mtu wa miaka 26 hawezi tena kuupata. Nikaangalia mkono wa yule kijana alipokaa kucheza. Ulikuwa umetulia tuli. Aliyekuwa akirukaruka kama kumbikumbi wa masika ni mimi.

Nilitoka yapata saa saba na nusu za usiku. Mvua ilikuwa imekatika, njia inang'aa, na mimi nikajikuta natembea kama nimo mchezoni. Kila kona nilijiuliza: mtu akitokea hapa, kichwa kitakuwa wapi? Nikayaweka macho kwenye ukingo wa nyumba, usawa wa mdomo wangu, nikawa nakata kona taratibu. Kabla sijaufikia msikiti wa Mandhry nikasikia vikombe vinagongana: kli, kli, kli. Muuza kahawa huyo, na dele lake, anakuja kutoka upande nisiouona. Nikasimama. Nikayakaza macho pale pale atakapotokea.

Akatokea. Alikuwa mfupi, maskini. Macho yangu yakatua juu ya kofia yake, kwenye dirisha la watu.

"Aleikum salaam," akasema, nami sikuwa nimetoa salamu. "Wanitizamani?"

Nilinunua vikombe viwili nisivyovihitaji.

Nyumbani mama alikuwa bado macho. Ramadhani kwa fundi wa kanzu ndio msimu. Sebule ilikuwa imejaa vitambaa vyeupe, na cherahani yake ya miguu ilikuwa inalia tangu futari. Nilikuwa na agizo moja la mwisho kutoka kwa yule kijana: nipime naisukuma mausi kiasi gani ndipo mtu wangu azunguke mzunguko mzima. Rula sikuwa nayo. Tepu ilikuwa inaning'inia shingoni mwa mama.

"Mama, niazime tepu kidogo."

"Wampima nani saa hizi?"

Neno mausi mama halijui, nami nikaona nimrahisishie. "Kipanya."

Miguu yake iliruka kutoka kwenye pedeli. "Panya! Yuko wapi?"

Ilinichukua muda kumtuliza, na muda zaidi kumweleza kwamba kuna panya wa plastiki, kwamba nataka kujua anatembea sentimita ngapi, na kwamba la, kichwa hakiniumi. Alinipa tepu ili nimwondokee.

Nikailaza mezani upande wa sentimita, ule asioutumia kabisa, kwa maana mama na inchi hawaachani. Nikaiweka mausi kwenye sifuri, nikakilenga kialama kwenye pembe ya ukuta, nikasukuma mpaka pembe ile ile ikarudi. Sentimita 9! Upana wa kiganja changu. Yaani nikipiga chafya nimeshageuka kumtizama mwenzangu. Mausi yangu ya rangi saba ilikuwa kwenye DPI (wepesi wa mausi) 1600, na kasi ndani ya mchezo nimeiweka 3, kwa sababu kazini nilizoea mshale uvuke skrini mbili za fomu kwa kugusa tu. Juu ya hayo, nilikuwa nimeacha alama ya vema kwenye kile kijisanduku cha Windows kinachodai kuongeza usahihi wa mshale. Kinachofanya hasa ni kuuongezea mshale mwendo kila mkono unapoharakisha, hivyo umbali ule ule wa mkono leo unaufikisha mshale hapa, kesho kule. Utazoeaje kitu cha namna hiyo?

Nikakifuta. DPI nikaishusha hadi 800, kasi ya mchezo 1.2, nikapima upya: sentimita 43. Nikatia kidoto cha kalamu kwenye tepu ili kesho nihakikishe. Vikombe na redio nikavihamisha, meza ikawa nyeupe, kwa maana sasa mkono ulitakiwa kutembea kutoka kwenye kiwiko. Kifundo peke yake hakitoshi tena.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Bega liliniuma kama niliyepiga kasia hadi Mtwapa. Mtu akinijia nyuma sikuwahi kugeuka. Niliinyanyua mausi na kuirudisha mezani kama mtu anayepiga pasi. Mara mbili nilikaribia kurudisha ile 3 ya zamani. Lakini nilikuwa nimejiwekea dakika 20 baina ya futari na taraweh, dhidi ya boti tu, yaani wachezaji bandia wa kompyuta, bila mtandao, na kwenye dakika hizo sikuruhusiwa kupiga ila moja moja, tena kichwani. Haikuwa na raha yoyote. Atakayekuambia kwamba mazoezi haya yana raha hajayafanya, au ana boti za aina yake.

Kumi la mwisho lilipoingia, mwenye saiba alitangaza kwamba usiku wa witiri hafungui, watu wakasali. Tulibaki na zile nyingine. Usiku wa 26 nikarudi, na nikapangwa tena dhidi ya yule kijana.

Muda mrefu sikufanya la maana. Nilikufa, nikafa, nikaua mmoja aliyekuwa anajikuna. Kisha ikaja raundi ambayo nilibaki peke yangu upande wetu, na kwao pia kabaki mmoja; nikamsikia mwenyewe, kwa hedfoni ya kulia, anakuja nyuma ya milango ya katikati. Nyayo zile zilikuwa kama vikombe vya muuza kahawa. Kialama nilikuwa nimeshakiweka kwenye ukingo wa mlango, usawa wa kichwa, kwa mazoea tu. Nilikuwa naelekea kushoto. Nikagusa D. Ukingo wa mlango ukaota bega, kisha sikio.

Nilipiga moja. Kwenye bunduki zikabaki 29.

Yule kijana aliteremsha hedfoni shingoni, akanitizama kupitia juu ya skrini.

"Umenisikia tu," akasema.

"Nimekusikia."

"Haya. Fanya tena."

Sikufanya tena. Raundi iliyofuata alinijia nyuma akanimaliza kwa kisu, wakatufunga 16 kwa 11, na viazi karai vya usiku ule nililipa mimi.

Asubuhi yake niliamshwa na mama, tepu mkononi, miwani imeteremka puani. Wino wa kalamu yangu ulikuwa umepenya hadi upande wa pili.

"Hii kumi na saba ni shingo ya nani? Nimepitia daftari lote sijaiona."

Nikamwambia ni yangu. Hakusema kitu. Aliinama, akaizungusha tepu shingoni mwangu, akasoma.

"Kumi na tano," akasema, akarudi kwenye cherahani.