Hela ya Anti sio ya ada

Nimeulizwa sana kuhusu huu mfuko wa Anti, wa kusomesha mabinti wa saluni, wengine mnadhani tumefungua NGO na kuna mzungu nyuma yake. Hakuna mzungu jamani, kuna daftari, laini moja ya simu na mimi ninayetunza hilo daftari, basi. Ngoja nieleze mara moja nipumzike.

Kwa wasiomjua, Anti alikuwa na saluni huku kwetu Mbagala, chumba kimoja na benchi nje, madraya mawili na moja lilikuwa halipati moto vizuri ila ukilalamika anakwambia hilo ndo la wenye subira. Mi nimesukwa pale tangu nasukwa mabutu mpaka naenda kusukwa rasta za harusi yangu. Akikuweka dawa ya nywele lazima akuulize kwanza, "umejikuna leo?" na ukidanganya shauri yako, utaungua na atakusema mbele ya watu huku anakuosha.

Sasa mtaani wengi wanaotaka kujifunza saluni wanamlipa mwenye saluni, au unafanya bure miezi unafagia nywele tu. Anti alikuwa hachukui hela ya mtu. Na jioni hata kama siku nzima hajaja mteja, anafungua pochi, "shika ya kula, usije kesho unanitetemekea mikono kwenye kichwa cha watu." Mabinti wangapi wamepita pale sijui, ila ukitembea kuanzia Rangi Tatu kushuka chini hukosi saluni ambayo mwenyewe alianzia kwa Anti.

Presha ilimchukua mwaka jana. Siku ya msiba wale mabinti wake wote walikuja wamesukana twende kilioni, walisukana usiku kucha wenyewe kwa wenyewe, na kuna mmoja akacheka katikati ya kilio akasema Anti angesema hii mistari imepinda.

Baada ya arobaini ikabaki hela ya rambirambi na watoto wake wakasema hawaitaki, ifanye kitu cha jina la mama. Ndo tukakaa kikao, na kikao chenyewe kilitaka kuvunjika. Wazee wakasema tusomeshe mtoto mmoja wa sekondari, mwenye akili, yatima. Wazo zuri, nani atakataa? Akasimama binti mmoja wa saluni, akasema shikamoo baba zangu, samahani, ila sekondari ya serikali ada imefutwa, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, sasa hiyo hela tunalipa ada gani? Mzee mmoja akamwambia mwanangu, kuna michango, kuna madaftari. Binti akajibu ni kweli baba, lakini huyo mtoto mkimpata atakuwa amenyolewa kipara na shule, Anti angemfanyia nini? Watu wakacheka na kikao kikapona hapo.

Kwahiyo tukakubaliana hela iende kwa mabinti wa saluni wakasome VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. Hapo ndo na mimi nikajifunza kitu. Nilienda kuuliza ada nikijua tutaumia, kumbe kozi ndefu ya kutwa ni elfu 60 kwa mwaka, bweni laki na 20. Nikarudi mbio nimefurahi, nikamwambia yule binti, dada hii hela inasomesha hata watu kumi! Akaniangalia tu. Akasema sista, mi nalipwa kwa kichwa, nikienda darasani asubuhi mpaka mchana hicho kichwa atasuka mwingine, mtoto wangu atakula nini, nauli nani atatoa, doli ya kujifunzia kusuka nani atanunua. Elfu 60 hata mi ningeitafuta.

Nikanyamaza. Yaani kila mtu anayetaka kusaidia anakimbilia ada kwa sababu ada ina risiti, inapendeza kwenye ripoti, wakati kinachowarudisha nyumbani ni chapati na daladala. Anti alilijua hilo bila kikao, ndo maana hakuwahi kusema shika ya ada.

Basi tunachofanya ni hivi: ada tunalipa, doli na vifaa tunanunua, halafu kila Jumatatu anapewa hela ya wiki, nauli na kula. Ndo inayomaliza mfuko, ndo maana anasoma mmoja tu na sio kumi, na kuna wazee mpaka leo wananinunia kwa hilo. Kwenye daftari limeandikwa jina refu la marehemu kama wazee walivyotaka, ila wenyewe tunaita "ya kula".

Na wale wenye miaka saba nane kwenye fani hatuwapeleki kukaa darasani, kuna mpango wa kurasimisha ujuzi, wanakupima unachokijua, wanakujazia palipopungua, unapata cheti. Wawili tunawaandaa kwa hiyo njia. Cheti kina maana ukitaka kazi saluni za hotelini, hawakuulizi umesuka nani, wanauliza kiko wapi.

Yule wa VETA juzi kaja saluni anatutambia, eti dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, hiyohiyo wanayopikia sabuni, na ukijikuna ngozi inachubuka ndo inapata njia ya kuingia. Dada mkubwa wa pale akadakia, "kwahiyo mmelipa ada mkaambiwa umejikuna leo?"

Anayetaka kuchangia apite pale saluni, bado ipo, binti yake mkubwa ndo anaiendesha, aseme anataka kuandikwa kwenye daftari. Hata elfu 2 tunaandika. Ila msije Jumamosi, foleni inafika barabarani na hakuna atakayewasikiliza.