Wa kwanza yeye, wa pili mimi

Jana nimekuta daftari langu la hesabu la Form Four nikacheka peke yangu kama chizi. Kulikuwa na binti mmoja darasani, kila matokeo yakibandikwa nje ya ofisi ya taaluma yeye wa kwanza mimi wa pili, muhula ujao tunageuzana, salamu hamna, nilikuwa nakesha na tochi ya simu ya dada sio kwa ajili ya mtihani wa taifa wa NECTA wala nini, ili tu yule aone 😂

Wiki chache kabla ya mock akanifuata eti "nielekeze vekta, mi nitakuelekeza kemia". Nikajifanya bize, kumbe moyo unadunda huo! Tukawa tunakaa chini ya mwembe tunabishana mpaka kengele. Mock ikatoka, mimi wa tano yeye wa sita, ticha wa taaluma akatuuliza kwani huko mwembeni mnasoma somo gani??

Mwisho wote tulipata Div One, yeye akapangiwa Form Five ya PCB (fizikia, kemia, baiolojia) mkoa mwingine, mi PCM (fizikia, kemia, hesabu), ikaishia hapo, hata mkono hatukuwahi kushikana jamani.

Sasa pembeni ya daftari kuna mwandiko wake: "swali la 4 umekosea, rudia". Nimerudia jana usiku. Sikukosea bana.