Viwembe viwili na kipande cha karatasi

Jiko la bibi, kule Rungwe, lilikuwa la mbao. Asubuhi jua lilipenya kwenye nyufa, likakata moshi kwa mistari iliyonyooka kama kamba ya fundi mwashi. Huo ndio mwanga niliokwenda nao kidato cha tano, Mbeya mjini: hunyooka, na ukiubana unakuwa mwembamba.

Julai 2011, baridi imekaza, mwalimu wetu wa fizikia alibandika viwembe viwili juu ya kadi yenye tundu, makali yakitazamana. Mwanya aliupima kwa karatasi mbili za fotokopi, kama milimita 0.2. Tochi ya leza ilikuwa ile nyekundu ya kwenye funguo, ya kununua Mwanjelwa. Mita 4 mbele, ukutani, ukatokea utepe wa sentimita mbili na nusu hivi. Mwanya ulisimama wima, utepe ukalala kushoto na kulia.

"Nikibakiza karatasi moja, utepe utakuwaje?"

"Utapungua, mwalimu," nilijibu kabla ya wote.

Hakunisahihisha. Alisogeza kiwembe, akawasha. Sentimita tano na zaidi! Nilikwenda na rula, nikapima mara tatu. Pembeni palikuwa na vipande hafifu, kila kimoja nusu ya upana wa kile cha kati, na katikati yao giza.

Giza lile lilinishika kuliko yote. Mwalimu alisema mwanga umefika hata pale, ila mawimbi kutoka sehemu mbalimbali za mwanya yamekutana, kilele cha moja kwenye bonde la jingine, yakafutana. Wimbi la leza ile lina urefu wa takribani milimita 0.00065. Nikaukumbuka ufa wa jikoni, sentimita nzima: zaidi ya mara 15,000 ya urefu huo. Ndiyo maana kwa bibi sikuwahi kuona mwanga ukipinda.

Niliiomba ile kadi. Likizo ya Desemba, usiku, niliweka kibatari ng'ambo ya ua, nikampa bibi aiweke karibu na jicho. (Leza sikumpa, ile haitazamwi.) Alikaa kimya kitambo.

"Mbona moto umetanuka?" akauliza. "Na pembeni una rangi."

Akaishusha kadi, akautazama moto kwa macho matupu, akairudisha tena jichoni.