Siku moja maishani mwangu: nawapeleka wanafunzi kwa Beda Amuli

Saa 11:00 alfajiri
Nafundisha usanifu majengo mwaka wa kwanza hapa Dar es Salaam, na leo hatuingii darasani asubuhi. Tunakwenda Kariakoo kuchora. Nakunywa chai ya tangawizi na kipande cha muhogo huku napanga vitu kwenye begi: karatasi, penseli laini, futi ya kupimia, maji mengi ya kunywa.

Safari hii naifanya kwa kila kundi jipya, na sababu yake nitaisema wazi. Vijana wanafika kwangu wanamjua Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri wa Ulaya, kwa jina na kwa picha. Ukiwatajia Beda Amuli, Mtanzania aliyebuni Soko la Kariakoo, wanakutazama tu, ilhali mama zao wamenunua nyanya na vitunguu chini ya paa lake miaka nenda rudi. Hilo linaniuma.

Saa 12:30 asubuhi
Mwendokasi kutoka Kimara umejaa mpaka mlangoni. Nasimama njia nzima, nashuka Msimbazi.

Saa 2:00 asubuhi
Wamachinga wanatandika bidhaa, wabeba mizigo wanapita mbio wakipiga kelele, "Pisha mgongo! Mgongo huo!" Wanafunzi wangu wamejibana ukutani na mbao zao za kuchorea. Nawaambia wasifungue penseli kwanza. Watazame juu.

Halafu nawasimulia. Amuli alipokuwa kijana, hapakuwa na chuo nchini kilichofundisha kazi hii. Akaenda kusoma chuo cha Technion, Haifa, nchini Israel. Aliporudi alifanya kazi na Zevet, kampuni ya Kiisraeli iliyobuni Hoteli ya Kilimanjaro pale mbele ya bahari. Mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, ya kwanza ya usanifu majengo kumilikiwa na Mwafrika katika Afrika Mashariki. Kazi ya soko hili aliianza miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa inataka kusimama kwa miguu yake, na soko kuu la jiji lake kuu likakabidhiwa kwa kijana wake. Likafunguliwa mwaka 1975.

"Sasa chora," nasema. "Anza na nguzo moja."

Nguzo ndiyo somo lenyewe. Inapanda ikiwa nyembamba, kisha inafunguka juu na kuwa mwamvuli wa zege uliogeuzwa, mdomo ukiangalia mbinguni. Paa lote ni miamvuli hiyo imepangwa bega kwa bega. Mvua ikinyesha, maji hayamwagiki pembeni kumlowesha mtu. Yanakusanyika katikati ya kila mwamvuli, yanateremka na kwenda kuhifadhiwa kwenye matangi. Chini yake ni kivuli kipana, na kwa kuwa paa liko juu sana, joto la watu na la mazao linapata pa kwenda. Mimi nikilitazama naona miti, ile mikubwa ya gulioni ambayo watu hutandika mikeka chini yake. Wengine watasema naona ninachotaka kuona. Sawa, lakini soko letu la asili ni kivuli kwanza, kuta baadaye, na Amuli alilijua hilo.

Binti mmoja ananiuliza, "Mwalimu, kwa nini asingeweka paa la bati tu? Si rahisi zaidi?" Swali zuri. Namwomba aweke mkono wake juu ya bati la kibanda cha jirani. Anautoa haraka.

Saa 4:15 asubuhi
Mzee mmoja anayeuza viungo anatuita. "Shikamoo, baba," tunamwamkia, anaitikia, anasogeza magunia ili wanafunzi wawili wapate pa kukaa. Anatueleza alivyokuwa akiuza shimoni, sakafu ya chini ya soko. "Jua la saa saba huku nje linakuchoma, wewe uko chini unakunywa kahawa yako. Mchicha haukunyauka upesi."

Anatueleza pia usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko lilipoungua. Hapo sauti yake inapungua, nami simkatizi. Watu walipoteza mitaji ya maisha yao. Kwa wanafunzi naongeza jambo moja tu: asubuhi yake miamvuli ilikuwa bado imesimama, na jengo lile likachaguliwa kukarabatiwa badala ya kubomolewa. Wakati huo Amuli alikuwa ameshafariki, mwaka 2016.

Saa 7:00 mchana
Wali maharage kwa mama ntilie, kisha chuoni.

Saa 8:30 mchana
Zoezi la studio: kila kikundi kinajenga mwamvuli mmoja uliogeuzwa kwa boksi gumu na karatasi ya nailoni, mrija wa soda ukiwa ndani ya nguzo. Halafu namwaga kikombe cha maji.

Kikundi cha kwanza, maji yanatuama kwa sababu mteremko ni mdogo mno. Cha pili, yanashuka vizuri lakini nguzo inalowa: wameunga mrija kwa gundi ya karatasi. Kikundi cha dirishani wamekunja nailoni kwa kipande kimoja, bila kiungo hata kimoja, na wamezungushia mdomo wa mrija utepe mara kadhaa. Namwaga. Maji yanazunguka kidogo katikati, yanazama, yanatokea chini kwenye sahani. Darasa zima linapiga makofi.

Hapo ndipo nawaambia ninachotaka waondoke nacho leo. Kwenye mchoro, kiungo kati ya paa na nguzo ni mstari tu wa penseli. Kwenye jengo ndicho kinachoamua kama muuza mchele atakuta gunia lake kavu. Amuli alilazimika kukifikiria kiungo kile kwa kila mwamvuli.

Saa 12:00 jioni
Nasahihisha michoro ya asubuhi. Wengi wamechora paa na kusahau watu, nami nawaandikia pembeni: yuko wapi muuzaji?

Saa 3:00 usiku
Simu inaingia ujumbe wa yule binti wa bati. "Mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Mwamvuli mmoja unaweza kukusanya maji kiasi gani kwa mwaka?"

Namjibu kwamba milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na Dar hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Apige hesabu kwa mwamvuli wa mita 10 kwa 10, apunguze kidogo kwa maji yanayopotea.

Baada ya dakika chache anaandika: "Zaidi ya lita 100,000! Mwamvuli mmoja tu?"

"Mmoja tu," namwandikia. "Kesho uje na ukubwa wa tangi."