Siku moja na mnara wa upepo kwenye mtambo wa nyuklia

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya kushika spana naanza na skrini. Usiku kucha mnara wetu wa kupima hewa itakayobeba mionzi mtambo ukivuja, ulio kando ya Ziwa Michigan hapa Marekani, umekuwa ukileta wastani wa kila dakika 15: kasi ya upepo, mwelekeo wake, joto la hewa, mvua. Napitia safu moja moja. Namba ikikosekana, kompyuta yenyewe hupiga kelele. Namba iliyopo lakini ya uongo ndiyo inayohitaji jicho la fundi.

Nyumbani Mwanza wakisikia nafanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia, huniuliza kama sidhuriwi na mionzi. Mimi nashinda uwandani, kwenye majani, mbali na kinu. Mnara umetengwa kwa makusudi. Miongozo ya mamlaka ya nyuklia ya huku, NRC, inataka vipima upepo vikae mbali na jengo au mti kwa umbali usiopungua mara 10 ya urefu wake, la sivyo unapima upepo uliokwisha kuvurugwa na ukuta.

Leo kuna safu moja imenishika. Jana kuanzia saa 4 asubuhi, tofauti ya joto kati ya kifaa cha mita 10 na kile cha mita 60 ilizidi kuwa kubwa, ikakaa hivyo mchana kutwa, ikarudi sawa jua lilipozama. Juzi kulikuwa na mawingu mazito, na juzi haikutokea. Hitilafu inayofuata jua namna hiyo nashuku feni kwanza.

Saa 1 asubuhi

Kipimajoto cha mnara kinakaa ndani ya kikinga jua, na feni ndogo huvuta hewa ipite juu yake muda wote. Feni ikichoka, hewa inatuama, kikinga jua kinapata moto, na kipimajoto kinasoma moto huo badala ya joto la hewa. Kwa mtu anayetaka kujua avae koti au asivae, nusu digrii si kitu. Kwetu ni mambo mengine kabisa.

Tofauti ya joto kati ya chini na juu ndiyo inayotuambia kama hewa imetulia au inachafuka. Ikitulia, hasa usiku usio na mawingu, chochote kitakachotoka kwenye mtambo kitasafiri mbali kama utepe, chembamba na kizito. Ikichafuka, kitachanganyika na hewa nyingi na kupungua nguvu haraka. Hali hizi zina madaraja 7, A hadi G. Kwenye mnara wenye mita 50 kati ya vifaa viwili, juu kukiwa na baridi ya nusu digrii zaidi kuliko chini, hilo ni daraja D, la katikati. Sasa feni ya chini ilegee, iongeze nusu digrii ya uongo: unasoma digrii nzima, na hilo ni daraja A, hewa iliyochafuka kuliko zote. Siku ya ajali, programu ya kukadiria mionzi itasema watu walio upande upepo unakoelekea watapata kidogo kuliko watakachopata kweli. Kosa linakuja na sura ya habari njema. Ndiyo maana kifaa kilichokufa kabisa hakinitishi kama hiki kinachoendelea kusema.

Saa 2:15 asubuhi

Hakuna kugusa chochote kabla ya kupiga simu chumba cha udhibiti. Nasema natoa kifaa gani na kwa muda gani. Msimamizi wa zamu anayarudia maneno yangu, nami nathibitisha kwamba ndivyo. Anaandika saa, na kuanzia hapo wao wanasoma mnara wa akiba. Kila saa tunayopoteza inahesabiwa, kwa sababu data nzuri haitakiwi kushuka chini ya asilimia 90 kwa mwaka.

Vifaa vinashushwa kwa winchi. Mwenzangu anasoma hatua kwenye kitabu cha taratibu, mimi narudia, nafanya, yeye anatia saini. Wageni huona ni polepole mno. Mimi naupenda mwendo huu, kwa kuwa hakuna hatua inayotegemea kumbukumbu ya mtu aliyelala vibaya.

Feni ya mita 10 inazunguka, ila kwa kujikokota, na beringi inakwaruza. Naweka mpya. Kisha vipimajoto vyote viwili vinaingia kwenye chombo kimoja cha maji ya barafu yanayokorogwa. Vikiwa pamoja humo, tofauti yao inapaswa kuwa sifuri. Kinachovumiliwa ni 0.1 ya digrii. Vinapita.

Kwa kuwa vimeshashuka, nakagua na vya upepo. Mshale wa mwelekeo unalinganishwa na kaskazini ya kweli, si ile ya dira. Kipima kasi kinapaswa kuanza kuzunguka kwenye upepo ulio chini ya mita 0.45 kwa sekunde, maana usiku ambao upepo ni hafifu kabisa ndio ule wa utepe mzito.

Saa 6:30 mchana

Simu tena: mnara umerudi kazini. Chakula.

Saa 8 mchana

Asubuhi nzima upepo ulitoka nchi kavu. Sasa mshale umegeuka, unavuma kutoka ziwani. Aliyekulia Mwanza au Ukerewe hahitaji kuelezwa: ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, ya ziwani inaingia. Kituo cha uwanja wa ndege, ndani zaidi, bado kinasema upepo wa bara, na hakikosei. Ndiyo sababu mtambo hauwezi kuazima upepo wa jirani. Kenya imekuwa ikifikiria mtambo wake wa kwanza, kwanza Kilifi na baadaye Siaya, na pote pawili upepo hugeuka hivyo. Mnara wa aina hii husimama kabla ya zege, ukusanye angalau mwaka mzima wa pepo za mahali hapo.

Tarehe 15 Machi 2011, kwenye ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, upepo ulipeleka mionzi kaskazini magharibi, na mvua na theluji zikaishusha hadi kijiji cha Iitate. Watu wa mji wa Namie, jirani na mtambo, walikuwa wamekimbilia eneo la Tsushima, upande huohuo. Makadirio ya SPEEDI, mfumo wa Japani wa kukadiria mionzi itaelekea wapi, yalikuwepo, lakini hayakuwafikia. Vituo vya kupima mionzi kwenye mtambo wenyewe vilikuwa vimekosa umeme. Nikipima betri za kibanda cha mnara kila wiki, hao ndio ninaowafikiria.

Saa 9:30 alasiri

Nakabidhi kazi. Feni mpya haijathibitika: leo jua limejificha tangu saa 7. Kesho kumetabiriwa anga safi, na nimemwomba mwenzangu wa zamu aniandikie tofauti ya joto kila saa kuanzia saa 4 asubuhi. Ikizidi tena kuwa kubwa, tunafungua kikinga jua chenyewe.