Goti Linaloalika

Jana usiku niliinuka kwenye kochi kwenda kunywa maji, goti la kulia likalia tak. "Baba, goti lako limealika tena," akasema kitindamimba wangu, macho hata hakuyatoa kwenye daftari. Nilifika jikoni, lakini maji niliyasahau. Nilikuwa nimerudi Julai ya 1994, ndani ya gari la mjomba.

Mjomba alikuwa dereva wa watalii. Siku hiyo hakuwa na wageni, akaniingiza Mbuga ya Nairobi kabla jua halijachomoza. Mengi yamenitoka, nakumbuka chai ya chupa, na gari kuzima. Na ukungu. Kwa kawaida ukiwa mle unaona maghorofa ya mjini nyuma ya migongo ya pundamilia. Asubuhi ile hapakuwa na ghorofa wala pundamilia, ila malori ya Barabara ya Mombasa yakinguruma sijui upande gani. Kushuka haiwezekani, simba wapo. Mjomba akateremsha kioo nusu, tukakaa.

Tak. Tak. Tak.

Kama mtu anayevunja vijiti vikavu, kimoja kimoja, bila haraka yoyote. Nikamshika mjomba mkono wa koti.

"Pofu, yule swala mkubwa," akanong'ona. "Dume zee. Ni goti linaalika."

"Linamwalika nani?"

Akachekea puani. "Halimwaliki mtu. Linawafukuza."

Kwanza lilitokea shungi la nywele nyeusi kwenye paji la uso, halafu pembe mbili nene zilizosokotwa, halafu lile ngozi la shingoni likining'inia na kuyumba kila hatua. Shingo yenyewe ilikuwa ya kijivu cha majivu, si hudhurungi kama ya majike. Dume likizeeka manyoya hupungua, ngozi ikaonekana. Alikuwa karibu hivi kwamba niliuona mvuke wa pua zake ukichanganyika na ukungu. Pofu ni waoga, hukimbia wakiliona gari likiwa mbali bado. Labda gari letu bovu alilidhani jiwe.

Mjomba akapiga chafya.

Mnyama wa kilo mia kadhaa, wakubwa wao hukaribia 900, akageuka kama mbuzi. Nyuma yake majike ambayo hatukuyaona kabisa yakatimka, moja likaruka kichaka kizima kwa mguu mwepesi. Kisha malori tena.

Tulivutwa na madereva wenzake mjomba saa nne. Shule nilikosa, mama akatugombeza wote wawili.

Njiani mjomba alinieleza kwamba kano ya mguu wa mbele huteleza juu ya mfupa, na kadiri dume lilivyo kubwa ndivyo mlio unavyokuwa mzito. Madume mengine yakisikia yanapima, yanapisha kabla ya pembe kugusana. Nilidhani ni hadithi za madereva. Mwaka 2008 watafiti waliowarekodi pofu hapa hapa Kenya walichapisha karibu maneno yale yale. Mjomba alikuwa ameshazikwa, sikuwa na wa kumwomba radhi.

Nikajaza glasi, nikarudi. Kwenye korido goti likalia tena, tak, na kutoka sebuleni nikasikia mnong'ono: "Zima, zima, anakuja." Nilipoingia runinga ilikuwa nyeusi, na kaka mtu amekikazia macho kitabu cha hesabu alichokishika juu chini.